Pumu, Majira na Hewa ya Ndani ya Nyumba

Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu wa njia za hewa. Mirija inayopeleka hewa mapafuni huwa na uvimbe usioisha, hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima, na misuli inayoizunguka hujikaza upesi kuliko ya watu wengine. Mirija hiyo ikikutana na kichokozi, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli hukaza, utando wa ndani huvimba, na makohozi mazito hujaa katika nafasi ndogo iliyobaki. Hewa huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi. Ndipo kifua hutoa sauti ya mluzi, kikohozi huja usiku au alfajiri, kifua hubana na pumzi hukatika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walifariki kwa sababu yake. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa mara nyingi hautambuliwi mapema au dawa hazipatikani. Pumu haiambukizwi na haina tiba ya kuiondoa kabisa, lakini kwa dawa sahihi na kwa kupunguza vichokozi, wagonjwa wengi huishi, husoma, hucheza na kufanya kazi kama wengine.

Hali ya hewa huchokoza pumu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: baridi, ukavu, joto kali au vumbi kugusa njia za hewa. Ya pili hupitia nyumbani: majira yakibadilika, watu hubadilisha namna wanavyoishi. Baridi ikiingia, madirisha hufungwa na jiko huletwa ndani. Mvua ikinyesha, nguo huanikwa chumbani na kuta hupata kuvu. Kiangazi kikikaza, vumbi hutua juu ya kila kitu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki njia hii ya pili ina uzito mkubwa, na ndiyo mwanadamu anayoweza kuirekebisha.

Baridi na hewa kavu

Pua ina kazi ya kuandaa hewa kabla haijafika mapafuni. Huipasha joto hadi karibu nyuzi 37, huilowanisha na kuchuja sehemu ya vumbi. Hewa ikiwa ya baridi sana, kavu sana, au ikivutwa kwa mdomo na kwa kasi, kazi hiyo haikamiliki. Mirija hulazimika kutoa maji na joto lake yenyewe, utando wake hukauka, na misuli hujikaza. Kwa sababu hii mtu mwenye pumu anaweza kubanwa anapokimbia alfajiri ya Julai, ilhali mazoezi yaleyale jioni yenye joto hayamsumbui.

Msimu wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ndio wa kuangaliwa zaidi katika nyanda za juu: Nairobi, Limuru na Nyandarua nchini Kenya, Njombe, Mbeya na Lushoto nchini Tanzania, Kabale nchini Uganda. Katika uwanda wa Kitulo, Makete, sakitu huonekana asubuhi katika miezi hiyo. Hatua zinazofaa ni rahisi. Mgonjwa apumue kwa pua kadiri awezavyo, na afunike pua na mdomo kwa skafu, mtandio au kitambaa anapotoka nje asubuhi, ili hewa anayoitoa ilowanishe na kupasha joto ile anayoivuta. Kabla ya mchezo au kazi ngumu, apashe mwili joto kwa dakika 10 hadi 15 kwa mwendo wa taratibu. Iwapo daktari amemwelekeza kutumia inhela kabla ya mazoezi, asiiache nyumbani.

Msimu huu pia una mafua mengi. Virusi vya mafua ya kawaida ndivyo vichokozi vikubwa kuliko vyote vya pumu kwa watoto, na huenea kwa urahisi watu wanapobanana katika vyumba vilivyofungwa. Wiki za mwanzo baada ya shule kufunguliwa huleta wimbi la mafua madarasani, na watoto wenye pumu huathirika siku chache baadaye. Kunawa mikono, kufungua madirisha ya darasa na kutolala kitanda kimoja na mtu mwenye mafua hupunguza hatari. Chanjo ya homa ya mafua, mahali inapopatikana, inawafaa wenye pumu.

Hatari kubwa zaidi ya kipupwe ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kuota moto. Mkaa ulioshika hautoi moshi mwingi unaoonekana, hivyo huhesabiwa kuwa salama. Kwa kweli hutoa chembe ndogo na gesi zinazochokoza mirija, pamoja na kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Blanketi la ziada, soksi na nguo nzito ni kinga bora ya baridi kuliko jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hakuna kiasi cha mkaa kinachofaa kuachwa kikiwaka chumbani usiku.

Mvua, unyevu na kuvu

Masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hushusha vumbi la nje lakini huongeza unyevu wa ndani. Unyevu ukizidi, viumbe viwili vinavyochokoza pumu hustawi: kuvu na utitiri wa vumbi.

Kuvu huonekana kama madoa meusi, ya kijani au meupe kwenye dari, kona za kuta, nyuma ya kabati, kwenye viatu na mabegi yaliyokaa muda mrefu bila kutumika. Wakati mwingine haionekani, na dalili yake pekee ni harufu ya uvundo. Vijimbegu vyake huruka hewani, na mtu mwenye mzio akivivuta, mirija huvimba. Kupaka rangi juu ya madoa hayo ni kuficha tu: baada ya wiki chache hurudi. Kazi ya kwanza ni kuziba chanzo cha maji, yaani bati lililotoboka, bomba linalovuja, mfereji wa paa ulioziba au ukuta unaofyonza maji kutoka ardhini. Baada ya hapo ukuta usuguliwe kwa maji na sabuni na kukaushwa kabisa. Dari ya jipsamu, mkeka au godoro lililolowa na kushika kuvu mpaka ndani halisafishiki vizuri, na ni bora litupwe.

Usafi huo usifanywe na mwenye pumu. Wanaotumia dawa ya klorini kama Jik waichanganye na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wafungue madirisha, na wasiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali wala na amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayoweza kumbana hata mtu asiye na pumu.

Nguo zinazoanikwa chumbani hutoa maji mengi hewani. Baraza lenye paa, ukumbi wenye upepo au hata kamba chini ya ukingo wa bati ni mahali pazuri zaidi. Kabati na kitanda visigande ukutani. Nafasi ya sentimita chache huruhusu hewa kupita na kukausha ukuta. Mvua inapokatika, madirisha ya pande mbili yafunguliwe ili upepo upite, hata kwa nusu saa.

Utitiri wa vumbi ni mdudu mdogo sana, wa takriban robo hadi theluthi moja ya milimita, anayeishi katika magodoro, mito, makochi na mazulia. Chakula chake ni magamba ya ngozi yanayopukutika mwilini mwa watu. Hang'ati wala hanyonyi damu. Kinachochokoza pumu ni kinyesi chake na mabaki ya mwili wake, ambayo hurushwa hewani kila mara mtu anapojigeuza kitandani. Utitiri haunywi maji, bali hufyonza unyevu uliomo hewani, ndiyo maana haustawi pale unyevu wa hewa unapokaa chini ya asilimia 50. Vitabu vingi hushauri nyumba iwe na unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako unyevu wa nje huzidi hapo sehemu kubwa ya mwaka, kiwango hicho hakifikiki kwa madirisha peke yake. Kwa wakazi wa pwani, juhudi zielekezwe kitandani, kama itakavyoelezwa mbele.

Kiangazi, vumbi na joto

Katika maeneo makavu kama Dodoma, Singida, Garissa na Turkana, miezi ya kiangazi huleta upepo na vumbi. Vumbi la barabara ya udongo hukwaruza njia za hewa hata za mtu asiye na mzio, na hubeba chembe za moshi wa magari, kinyesi cha wanyama na kuvu. Kazi za msimu huongeza mzigo: kupura mpunga na mtama, kupepeta nafaka, kusaga unga, kufagia uwanja. Mwenye pumu anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao au ghala la nafaka anaweza kupata nafuu siku za mapumziko na kubanwa tena akirudi kazini. Mwenendo huo aueleze kwa daktari, kwa sababu pumu inayotokana na kazi ina tiba yake, na sehemu ya tiba hiyo ni kubadilisha kazi au mazingira ya kazi.

Nyumbani, ufagio mkavu hurudisha vumbi hewani, na chembe ndogo hubaki zikielea muda mrefu baada ya sakafu kuonekana safi. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Ya saruji au vigae ipigwe deki. Meza, feni na fremu za madirisha zifutwe kwa kitambaa chenye maji. Mgonjwa asiwepo chumbani wakati wa kufagia, na akae nje kwa muda baada ya kazi kwisha. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kubwa tu. Kwa chembe ndogo, barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni ndiyo inayosaidia.

Joto nalo lina madhara yake. Hewa yenye joto kali na unyevu mwingi inaweza kuifanya mirija ya baadhi ya wagonjwa ijikaze, na hali hiyo ndiyo ya pwani wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari. Mgonjwa afanye kazi nzito asubuhi au jioni, anywe maji ya kutosha, na apumzike kivulini mchana. Inhela pia huharibiwa na joto. Nyingi huhitaji kuhifadhiwa chini ya nyuzi 30, na ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, kopo linaweza kupasuka na dawa kupoteza nguvu. Mahali pake ni mfukoni, kwenye mkoba au katika droo yenye kivuli.

Chavua na ngurumo

Baada ya mvua, nyasi na miti huchanua, na chavua husambazwa na upepo. Chavua ya nyasi ndiyo yenye sifa mbaya zaidi kwa wenye mzio. Dalili huanza puani na machoni, kwa kupiga chafya na macho kuwasha, kisha hushuka kifuani. Anayesumbuliwa na chavua aepuke kukata nyasi, afunge madirisha asubuhi yenye upepo mkavu, na abadilishe nguo na kunawa uso anaporudi nyumbani. Mafua ya mzio yatibiwe pia, kwa sababu pua iliyoziba humlazimisha mtu kupumua kwa mdomo na kuiacha mirija bila kinga yake.

Ngurumo za mvua zinaweza kuzidisha athari ya chavua kwa ghafla. Mnamo 21 Novemba 2016, radi na dhoruba zilipita katika mji wa Melbourne, Australia, wakati hewa imejaa chavua ya nyasi. Unyevu ulipasua mbegu za chavua kuwa vipande vidogo vinavyoweza kufika ndani kabisa ya mapafu, ambako mbegu nzima isingefika, na upepo unaotangulia mvua ukavishusha usawa wa pua. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali ndani ya saa chache na 10 walifariki. Wengi wa waliougua walikuwa na mafua ya mzio tu na hawakuwa wakijua kwamba wana pumu. Hali ya namna hiyo huhitaji nyasi nyingi zinazochanua na dhoruba kukutana, hivyo si kila ngurumo huileta. Hata hivyo tahadhari yake haina gharama: mwenye mzio wa chavua aingie ndani na kufunga madirisha upepo wa mvua unapoanza kuvuma, si baada ya matone ya kwanza.

Moshi wa jikoni

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu bilioni 2 duniani hupikia kuni, mkaa, kinyesi cha ng'ombe, mabaki ya mazao au mafuta ya taa, na moshi wa nyumbani ulihusishwa na vifo vya takriban watu milioni 3.2 mwaka 2020. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile zenye kipenyo cha chini ya mikromita 2.5, nyembamba mara nyingi kuliko unywele, ambazo hupita puani na kooni bila kuzuiwa. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Jikoni penye mafiga na dirisha moja dogo, kiwango hupanda mara nyingi zaidi ya hapo wakati wa kupika. Wanaoathirika kwanza ni mama au msichana anayepika, na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni.

Suluhisho la kudumu ni nishati isiyotoa moshi. Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034. Umeme ndio safi kuliko vyote ndani ya chumba, na sufuria za presha za umeme hupika maharage na makande kwa gharama ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Gesi ya mtungi ni bora mara nyingi kuliko kuni na mkaa, ingawa mwali wake hutoa naitrojeni dioksaidi, gesi inayoweza kuchokoza mirija. Kwa hiyo hata jiko la gesi linahitaji dirisha wazi.

Familia isiyoweza kubadilisha nishati kwa sasa ina mengi ya kufanya. Jiko lihamishiwe uani au barazani, au chumba cha kupikia kitenganishwe na cha kulala. Kuni ziwe kavu, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi zaidi bila kuongeza joto. Mkaa uwashwe nje, na uingizwe barazani baada ya kushika kabisa. Maharage yalowekwe usiku kucha na sufuria zifunikwe, ili muda wa moto upungue. Jikoni kuwe na dohani au matundu makubwa juu ya ukuta yanayotazamana, kwa kuwa moshi hupanda. Mtoto asibebwe na mtu anayepika, na katika nyumba za kupanga ambako majiko hupangwa koridoni, mlango wa chumba cha mgonjwa ufungwe wakati wa kupika na dirisha lake la upande wa pili lifunguliwe. Kibatari na taa ya chemli zibadilishwe kwa taa ya sola.

Sigara haina nafasi katika nyumba ya mwenye pumu. Kuvutia dirishani au chumba kingine hakutoshi, maana moshi husafiri na mabaki yake hushika mapazia na nguo. Moshi wa sigara pia hupunguza nguvu ya dawa za kuvuta zinazotuliza uvimbe kwa mgonjwa anayevuta mwenyewe.

Vifukizo, dawa ya mbu na manukato

Udi na ubani ni sehemu ya maisha ya pwani, visiwani na Omani. Hufukizwa arusini, baada ya usafi, usiku wa Ijumaa na nguo zinapotoka kufuliwa. Utafiti uliofanyika Omani miongoni mwa watoto wa shule na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kufukiza nyumbani hakukuhusishwa na kuenea kwa pumu, lakini kulikuwa kichokozi cha kawaida cha kubanwa kwa watoto ambao tayari wana ugonjwa huo. Maana yake kwa familia ni wazi. Desturi haihitaji kufutwa. Chetezo kiwashwe mgonjwa akiwa nje, nguo zifukiziwe uani, na nyumba ipitishwe upepo kabla hajarudi. Nguo za mgonjwa na kitanda chake visifukizwe.

Dawa ya mbu ya kuchoma inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa huwaka usiku kucha karibu na kichwa cha aliyelala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wake na kukuta kwamba kipande kimoja kinaweza kutoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua hukinga mbu bila moshi. Chenye dawa hufuliwa kwa upole, si zaidi ya mara moja kila miezi 3, na hukaushwa kivulini ili dawa isiharibiwe na jua. Nyavu za madirisha hukamilisha kinga hiyo na kuruhusu hewa kupita. Dawa ya kunyunyiza ya wadudu ipulizwe wakati mgonjwa hayupo, na chumba kiachwe wazi kabla ya kuingiwa. Vivyo hivyo kwa rangi mbichi, vanishi, marashi makali na manukato ya kunyunyiza.

Chumba cha kulala

Mtu hutumia karibu theluthi ya maisha yake kitandani, na pumu huzidi usiku. Kwa hiyo chumba cha kulala ndicho cha kwanza kurekebishwa, hata kama fedha hazitoshi kwa nyumba nzima. Godoro na mito vifunikwe kwa mfuko uliofumwa kwa kubana au wa plastiki wenye zipu, kisha shuka litandikwe juu yake. Mito na magodoro ya sufi yaliyozeeka hujaa vumbi na utitiri, na ya sponji yenye kifuniko ni rahisi kutunza. Mashuka na foronya vifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto ya nyuzi 55 au zaidi inapowezekana. Maji ya baridi huondoa sehemu ya uchafu wa utitiri lakini hayauui.

Jua la Afrika Mashariki ni dawa isiyouzwa. Godoro, mito na mablanketi yakianikwa kwenye jua kali kwa saa kadhaa na kugeuzwa, joto na ukavu huua utitiri. Mabaki yake hubaki, kwa hiyo baada ya kuanikwa yapigwe yakiwa nje, na mtu asiye na pumu. Zulia, mapazia mazito, makochi ya kitambaa na midoli ya manyoya yapunguzwe chumbani mwa mgonjwa. Nguo zisizovaliwa zikae ndani ya kabati au sanduku.

Mende huacha kinyesi na mate yanayochokoza pumu, hasa katika nyumba za mjini zenye msongamano. Chakula kifunikwe, vyombo visilale vichafu, takataka zitolewe jioni, nyufa zizibwe, na chambo cha jeli kitumike badala ya dawa ya kunyunyiza. Paka na mbwa wakae nje ya chumba cha kulala iwapo mgonjwa ana mzio wao. Kinachomdhuru ni protini za mate na ngozi yao, na si unyoya wenyewe, kwa hiyo hata paka mwenye manyoya mafupi anaweza kuwa tatizo. Chembe za paka hubaki chumbani kwa miezi baada ya paka kuondoka.

Hatua moja pekee mara nyingi haileti tofauti inayoonekana. Kifuniko cha godoro hakitasaidia sana iwapo dari ina kuvu na dawa ya mbu huchomwa kila usiku. Faida huja vichokozi kadhaa vinapopunguzwa kwa pamoja, tena vile vinavyomhusu mgonjwa huyo.

Feni, kiyoyozi na hewa ya nje

Feni yenye vumbi huligawa chumba kizima mara inapowashwa. Panga zake zifutwe kila wiki. Kiyoyozi hupunguza unyevu na kuzuia chavua, lakini chujio lake likikaa bila kuoshwa hugeuka makazi ya kuvu. Tofauti kubwa ya joto nayo huchokoza: mtu anayetoka kwenye jua la Muscat au Mombasa na kuingia katika chumba cha nyuzi 18 anaweza kubanwa papo hapo. Nyuzi 24 hadi 26 zinatosha, na hewa ya kiyoyozi isielekezwe usoni.

Dirisha linafaa kufunguliwa pale hewa ya nje ni safi kuliko ya ndani, na kwa kawaida huwa hivyo. Lifungwe jirani anapochoma taka, saa za msongamano kwa nyumba iliyo kando ya barabara kuu, na wakati wa upepo wa vumbi. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, gesi ya salfa kutoka volkano ya Nyiragongo ni kichokozi kingine, na siku ambazo harufu yake inasikika si za mgonjwa kukaa nje. Uzito wa hewa chafu ya nje ulithibitishwa mahakamani London mwezi Desemba 2020, pale afisa wa kuchunguza vifo alipoamua kuwa moshi wa magari ulichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 mwenye pumu aliyefariki mwaka 2013.

Kumjua adui

Vichokozi hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa, hata wa familia moja. Njia rahisi ya kuvitambua ni daftari. Kila siku huandikwa dalili, idadi ya mara inhela ilipotumika, hali ya hewa, na lolote lisilo la kawaida nyumbani: kupaka rangi, kufukiza, mafua, mgeni mvutaji. Baada ya mwezi au miwili mwenendo huonekana. Kifaa cha kupimia nguvu ya pumzi huongeza uhakika, kwa sababu kiwango hushuka kabla mgonjwa hajahisi kubanwa. Kikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake bora, ni ishara ya tahadhari. Chini ya asilimia 50, ni dharura.

Dawa majira yanapobadilika

Usafi wa hewa hauchukui nafasi ya dawa. Inhela ya salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya bluu, hulegeza misuli kwa saa chache lakini haitibu uvimbe. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, GINA, haushauri tena vijana na watu wazima kutumia salbutamol peke yake. Wanahitaji pia dawa ya kuvuta ya steroidi, kama budesonidi au beklometasoni. Dawa hiyo huchukua siku hadi wiki kadhaa kufikia nguvu yake kamili. Anayejua kuwa kipupwe au masika humsumbua aende kliniki mapema, kabla ya msimu, badala ya kusubiri kubanwa. Imani kwamba inhela humzoesha mtu au humdhoofisha moyo imewagharimu wengi: kipimo chake ni kidogo kuliko cha vidonge, kwa kuwa huenda moja kwa moja mapafuni.

Watoto na wazee hupata dawa vizuri zaidi kupitia chemba ya kuvutia, yaani chombo kinachounganishwa na inhela. Isipopatikana, chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi hiyo: hutobolewa kitako tundu linaloshika mdomo wa inhela kwa kubana, na mgonjwa huvuta kupitia mdomo wa chupa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya namna hiyo, ikizibwa vizuri, huwafaa watoto sawa na chemba ya kiwandani. Kujifukiza kwa maji ya moto si tiba ya pumu. Mvuke unaweza kuongeza kubanwa, na maji huunguza watoto.

Dalili za hatari

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye ngozi ya kati ya mbavu inabonyea, midomo au ulimi umegeuka rangi ya kijivu au bluu, au ambaye amechanganyikiwa na kusinzia, yuko hatarini. Kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku mgonjwa akizidi kuhangaika, hali imekuwa mbaya zaidi, kwani hewa imekaribia kukoma kupita. Akae wima, atolewe kwenye moshi au vumbi, apewe salbutamol mibonyezo 4 hadi 10, mmoja baada ya mwingine kupitia chemba, irudiwe kila dakika 20 katika saa ya kwanza huku akipelekwa hospitali. Asilazwe chali na asiachwe peke yake.

Nje ya dharura, kipo kipimo ambacho kila familia inaweza kukitumia. Mtu mzima anayehitaji inhela ya kutuliza zaidi ya mara 2 kwa wiki, au anayeamshwa usiku na kikohozi au kubanwa, pumu yake haijadhibitiwa, msimu uwe wowote. Anapaswa kurudi kliniki, na nyumba yake inapaswa kukaguliwa upya, kuanzia chumba anacholala.